Ng'ombe wa Nyumba ya Jepkoech

Watu wakinikuta njiani bado wananiita mzee wa kanisa. Wananivulia kofia. Vijana wananishikia baiskeli nikivuka mto. Mimi nawaitikia vizuri, nawauliza habari za nyumbani, halafu nikishawapita natema mate. Siwatemei wao. Najitemea mwenyewe.

Nataka kusimulia habari ya ng'ombe wa mke wangu, na sitaki kuambiwa pole. Pole nimepewa nyingi mno, na karibu zote nilipewa na watu waliodhani kwamba nilitoa sadaka.

Jina langu ni Kiprugut. Mwaka wa 1957 nilikuwa nyapara katika shamba moja la mzungu huko Subukia. Tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Mwaka mmoja kabla, aliogopa kupe na homa ya ng'ombe, akaamuru mifugo yote ya wafanyakazi iondolewe shambani, mbuzi pia. Watu wakaswaga wanyama wao kurudi Baringo huku wanalia. Mimi peke yangu niliachiwa ng'ombe mmoja, kwa kuwa nilikuwa nyapara. Wakati ule nilijivunia jambo hilo, kana kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyenichagua.

Ng'ombe huyo tulimwita Samo, kwa rangi yake ya kijivu yenye madoadoa. Nasema tulimwita, lakini hakuwa wangu. Kwetu Watugen, mwanamke akiolewa huja na ng'ombe wake au hupewa, na ng'ombe huyo pamoja na uzao wake ni mali ya nyumba yake. Mume anaweza kumchunga, anaweza kumsifu, lakini hawezi kumtoa bila mwenye nyumba kukubali. Mamake Samo, na bibi yake, wote walitoka kwa ng'ombe ambaye mke wangu Jepkoech alipewa na mama yake siku aliyoingia mlangoni kwangu.

Agosti ya mwaka ule, binti yetu Chepkemei alikuja kujifungulia kwetu. Mumewe alikuwa akifanya kazi ya reli upande wa Uganda. Alizaa mtoto wa kike jioni, tukamwita Chelangat, na kabla hakujapambazuka mama yake akatutoka. Sitaeleza zaidi ya hapo. Jepkoech alimwosha binti yake, akamfunika, halafu akachukua kibuyu kidogo, akaenda kumkamua Samo.

Kuanzia siku ile mtoto aliishi kwa maziwa ya yule ng'ombe. Jepkoech alikisafisha kibuyu kwa mkaa wa mti kama mama yake alivyomfundisha, akakamua humo asubuhi na jioni, akamnywesha mtoto tone kwa tone kwa kijiko. Mtoto akanenepa. Mashavu yakajaa. Alipofika miezi minne alikuwa anacheka akisikia tu kibuyu kinagongwa. Jepkoech naye alikuwa ameanza kuzungumza tena, maana tangu mazishi alikuwa anajibu tu akiulizwa.

Sasa nieleze kuhusu kanisa letu, kwa sababu bila hilo hutaelewa ujinga wangu.

Kanisa lilikuwa la udongo, limeezekwa kwa nyasi, na lilivuja. Kila Desemba, baada ya mahindi kuvunwa, tulifanya sikukuu ya mavuno. Kila mtu alileta kitu, malenge, kuku, kikapu cha mayai, debe la maharagwe, na baada ya ibada vitu hivyo vilipigwa mnada pale nje ili kupata pesa za mabati. Mnada wetu ulikuwa na desturi yake. Mtu akinunua kitu ambacho aliyekitoa alikipenda sana, hakuenda nacho. Alikirudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili, watu wakaimba, na Mungu akawa amepata pesa na mwenyewe amepata kitu chake. Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa na jogoo mwekundu. Jogoo yule aliuzwa miaka mitatu mfululizo na hakuwahi kulala nje ya kwao hata siku moja. Tulimtania kwamba jogoo wake ameokoka kuliko sisi.

Wiki mbili kabla ya sikukuu, mchungaji alikuja kutoka Nakuru akahubiri habari za Abrahamu na mwanawe. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ndogo. Akatuambia kila mmoja ajichunguze, ni kitu gani anachokishika moyoni hata Mungu akikitaka atakificha mgongoni. Kisha akatuangalia. Mimi niliketi mbele, mahali pa wazee, na nikahisi kwamba watu wote wananitazama kisogoni. Nani mwingine alikuwa na kitu? Wao walikuwa na malenge. Mimi nilikuwa na ng'ombe.

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikasema, "Mimi Bwana amenionyesha. Nitamtoa Samo."

Kanisa lilipiga kelele mpaka mbwa wakabweka huko nje. Mchungaji akanishika mkono machozi yanamtoka. Nilipogeuka nikaona upande wa wanawake Jepkoech amekaa na mtoto mgongoni, ananitazama tu.

Tulipofika nyumbani hakunikaripia. Alisema, "Baba Chepkemei, mtoto atakunywa nini?"

Nikacheka. Nilicheka kweli, kama mtu mwenye siri nzuri. Nikamwambia nimeshapanga yote. Rafiki yangu Micah, dereva wa trekta na mzee mwenzangu, ndiye atakayemnunua. Nitampa akiba yangu yote kwa siri, atapandisha bei kuliko wengine, halafu mbele ya watu wote atanirudishia kamba ya ng'ombe. Kanisa litapata mabati na mtoto atapata maziwa. Nikamwambia hata Abrahamu alirudishiwa mwanawe.

"Na asiporudi?"

"Mwamini Mungu."

Nilimwambia hivyo mwanamke aliyekuwa amezika mtoto wake miezi minne iliyopita. Akasema, "Haya, wewe ndiye unayesoma." Hivyo ndivyo alivyokubali. Hakukubali kwa sababu aliniamini. Alikubali kwa sababu alidhani kwamba mtu anayeyajua Maandiko hawezi kucheza na uhai wa mtoto.

Miaka mingi nimewaza juu ya neno lile la Abrahamu. Abrahamu hakutangulia mlimani jana yake kumfunga kondoo dume kichakani. Mimi nilimfunga wa kwangu mapema, nikahesabu hatua, ndipo nikapanda mlima nikiimba.

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi kuliko miaka yote, kwa sababu habari za ng'ombe zilikuwa zimeenea bondeni kote. Miongoni mwa wageni alikuwepo mtu mmoja mnene, mwenye koti jeusi na kicheko kikubwa, jina lake Khaemba. Alikuwa na bucha huko Bondeni, Nakuru. Alikuwa amekuja Subukia na lori kununua ng'ombe wa kuchinjwa katika mashamba, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili alikataa kufanya biashara, akaja kanisani. Nataka ijulikane wazi kwamba mtu huyo alikuwa mwema. Ningependa awe mwovu. Ingenisaidia kidogo.

Malenge yakauzwa. Jogoo mwekundu akauzwa, akarudishwa, watu wakacheka. Kisha nikamleta Samo mwenyewe, shingoni amefungwa kamba mpya. Nikatoa ushuhuda mfupi. Nilisema kwamba ng'ombe huyu ndiye kitu pekee cha thamani katika boma langu, na kwamba namtoa bila kusitasita. Kuhusu mtoto sikusema neno. Ningesema habari za mtoto, watu wangenikataza, na utukufu wangu ungeishia pale.

Micah akaanza kutaja bei. Mtu mmoja au wawili wakapandisha kwa heshima tu, kisha wakaacha. Micah akatabasamu. Ndipo Khaemba akainua mkono kule nyuma.

"Mimi ni mgeni," akasema, "lakini hii sadaka imenigusa. Siwezi kukaa tu nikiangalia. Naongeza!"

Watu wakashangilia. Micah akaongeza. Khaemba akaongeza, huku anafuta jasho na kucheka. Niliona Micah anafika mwisho wa pesa nilizompa. Alinitazama. Macho yake yaliniuliza waziwazi, nifanye nini? Mimi nikatazama juu, kana kwamba naomba.

Khaemba akamchukua Samo kwa bei ambayo hakuna mtu wa bonde lile aliyewahi kuisikia ikilipwa kwa ng'ombe mmoja. Mabati yote ya kanisa, na misumari juu yake. Watu wakaimba, mchungaji akauinua mkono wangu juu. Wimbo ulipokwisha kukawa kimya, kila mtu anangoja. Walikuwa wanangoja Khaemba anirudishie kamba.

Hakuijua desturi. Kwao hawana hiyo. Akaja, akanikumbatia, akasema, "Mungu akubariki sana, mzee. Watu kama wewe wamebaki wachache." Akaichukua kamba mkononi mwangu. Mikono yangu iliachilia yenyewe.

Ilikuwa ni neno moja tu. Ningemwambia, ndugu yangu, hapa kwetu tunarudisha. Au ningemwambia, kuna mtoto. Mzee wa kanisa aliyepaswa kumweleza mgeni desturi zetu alikuwa ni mimi. Nikasema, "Bwana asifiwe."

Jepkoech akatoka katikati ya wanawake na kibuyu chake. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. Hakujua Kiswahili zaidi ya maneno ya dukani, kwa hiyo hakumsemesha Khaemba. Alipiga magoti penye lori, akaanza kumkamua Samo. Khaemba alidhani anampunguzia ng'ombe maziwa kwa ajili ya safari, akamshikia kamba vizuri, akamshukuru. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala, amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Akiwa bado anakamua, Jepkoech aliniambia kwa lugha yetu, bila kugeuka, "Mwambie."

Nikaitikia salamu ya mtu aliyepita.

"Mwambie huyu mtu. Mwambie sasa."

"Kesho," nikamwambia. "Kuna watu wengi. Nitamfuata kesho."

Lori likaondoka. Samo alisimama ndani yake akitazama nyumbani, na watu wakampungia mikono.

Kesho yake Bwana Kofia alianza kupukuchua mahindi kwa mashine na hakutaka nyapara aondoke. Nilimwomba ruhusa, akanikatalia. Nikamwomba basi maziwa kidogo ya mtoto. Alikuwa na ng'ombe themanini.

"Wewe iko na ng'ombe yako," akasema. "Wapi?"

"Nimetoa kanisani, Bwana."

Alinitazama muda mrefu chini ya ile kofia, kisha akamwambia mpishi anipe maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi, yale waliyopewa nguruwe. Jepkoech aliyachemsha, akampa mtoto. Usiku ule mtoto akaanza kuhara.

Jumatano nilipata ruhusa. Nilifika Nakuru saa nane mchana, nikauliza bucha ya Khaemba, nikaonyeshwa. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, namna ya kumweleza bila kuonekana nadai sadaka yangu. Hata wakati ule bado nilikuwa napanga namna ya kuonekana.

Nyuma ya bucha kulikuwa na ngozi tatu zimewambwa juani kwa vigingi. Ya katikati ilikuwa ya kijivu yenye madoadoa.

Khaemba alinikuta nimechuchumaa pale. Akafurahi, akaniita ndani ninywe chai. Nikamweleza, wakati huo nikamweleza yote, mtoto, Micah, desturi ya kurudisha. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akakaa juu ya gogo la kukatia nyama.

"Lakini mzee," akasema, "si ungeniambia? Mimi nilikuwa nimesimama karibu na wewe hapo. Nilikushika hivi." Akanishika mabega kunionyesha. "Ungeniambia tu kwa masikio. Ningeacha pesa na ningeacha hiyo ng'ombe, na ningeenda nikiimba."

"Najua."

"Sasa mbona hukusema?"

 Yule mtu alilia. Akatuma mtu dukani, akanijazia mfuko maziwa ya kopo, akakataa nimlipe, akaomba nami pale kati ya nyama zilizotundikwa. Aliomba Mungu amsamehe yeye.

Nilirudi Alhamisi. Mtoto alikuwa amekwisha kuwa mwepesi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho yamekuwa makubwa, na akilia hakutoa machozi. Tulifungua kopo, Jepkoech akamtilia kijiko mdomoni, maziwa yakatoka pembeni. Akakigonga kibuyu kama alivyozoea. Mtoto aligeuza macho upande wa sauti, hakucheka. Nilipiga magoti nikaomba, nikamwambia Mungu achukue chochote, na nilipofika kwenye neno hilo chochote, nikakomea hapo, maana nilikuwa nimeshamwambia hivyo Jumapili iliyotangulia, mbele ya watu, na nilikuwa nadanganya.

Chelangat alikufa Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda. Tulimzika kando ya mama yake. Micah alichimba kaburi na hakunitazama usoni, wala mimi sikumtazama.

Watu walikuja kwa wingi. Wakasema Shetani ameona wivu kwa sadaka yangu, ndiyo maana akanipiga. Mwingine akasema mimi ni Ayubu. Nikawa nasikia hayo yote nimeinamisha kichwa, nayo yakawa yananiingia mahali fulani penye njaa. Ndiyo, hata siku ile. Mjukuu wangu yuko chini ya udongo mbichi, na mimi kitu fulani ndani yangu kinafurahi kuitwa Ayubu. Hapo ndipo nilipojua hazina yangu ilikuwa wapi. Haikuwa ng'ombe, na haikuwa mbinguni. Ilikuwa katika midomo ya watu, na nilikuwa nimeilipia kwa kitu ambacho hakikuwa changu.

Jepkoech hakupiga kelele hata mara moja. Alinipikia, aliniandalia maji. Lakini toka siku ile hakuniita tena Baba Chepkemei. Alianza kuniita mzee wa kanisa. Nyumbani, tuko wawili tu, ugali uko mezani, ananiambia, "Karibu chakula, mzee wa kanisa." Mwaka mzima. Na mwaka mzima hakukanyaga kanisani.

Mabati yaliwekwa mwezi wa Machi. Mvua ikinyesha wakati wa ibada hatukuweza kusikiana. Watu walifurahia kelele ile. Walinigeukia wakatabasamu, na mimi nikatabasamu.

Desemba ikafika tena, sikukuu ya mavuno. Mnada uliendeshwa na Micah. Tulikuwa katikati ya kununua kuku niliposikia wanawake wananyamaza mmoja baada ya mwingine. Jepkoech alikuwa anakuja, amevaa lile gauni. Alipita katikati ya watu, akaweka kibuyu kidogo juu ya meza ya sadaka, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama.

Hakuna mtu pale ambaye hakukijua kibuyu kile. Micah akakishika. "Tuna kibuyu," akasema. Akajaribu tena. "Nani ataanza?"

Hakuna aliyeanza. Watu walitazama chini. Mtoto mmoja alikohoa. Nikasimama, nikataja mshahara wangu wote wa mwezi. Micah akauliza kama kuna mwingine, akauliza mara tatu kama inavyotakiwa, kisha akanipa.

Nilijua la kufanya. Desturi ni desturi. Nilikishika kibuyu kwa mikono miwili, nikatembea mpaka alipo mke wangu, nikainama, nikamnyooshea. Nadhani nilikuwa nalia. Nilisikia mtu nyuma yangu anaanza kuimba wimbo wa kurudisha, taratibu, na wengine wakamfuata.

Jepkoech alikitazama kibuyu mpaka wimbo ukafa wenyewe.

"Kumbe unajua kurudisha," akasema.

Mikono yake ilikuwa imelala ubavuni na haikuinuka. Nilibaki nimeinama.

"Kaa nacho, mzee wa kanisa."

Akageuka, akaenda zake kwa njia ya mtoni, ile inayopita makaburini. Mimi nilirudi kuketi mahali pa wazee, kibuyu magotini. Kilikuwa kikavu, kimesafishwa kwa mkaa, na bado kilinuka maziwa. Baada ya muda Micah aliinua debe la maharagwe, akauliza nani ataanza.